Soipan amaliza dawa za ukoma, vidole bado vinashona

Saa moja asubuhi, Soipan Saruni anafungua kibanda chake cha ushonaji mjini Kitengela na kupangusa vumbi kwenye cherehani. Kabla ya kukanyaga pedali, anainama kuhakikisha vidole viko mbali na sindano.

"Hiki hakisikii vizuri," anasema, akiinua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. "Lazima nikiangalie."

Miaka miwili iliyopita, alikuwa akishona sare ya shule alipoona damu kwenye shati jeupe. Sindano ilikuwa imemdunga, naye hakuhisi chochote.

"Niliuliza mteja, 'Hii damu ni ya nani?'"

Alipopimwa hospitalini Kajiado, aliambiwa ana ukoma, na kwamba angepona akimeza dawa kila siku kwa mwaka mzima. Dawa zenyewe ni za bure.

Mwezi wa nne wa matibabu, dawa zilianza kuufanya uso wake kuwa mweusi.

"Mteja mmoja aliuliza kama nimejichubua ikaniharibu. Nikaona afadhali niache."

Baada ya wiki chache mkono ulivimba, na vidole viwili vikaanza kujikunja.

Phylis Katee, mhudumu wa afya ya jamii, alipoarifiwa kuwa Soipan haendi tena kuchukua dawa, alifika kibandani na kitambaa cha kitenge. Wateja walikuwapo, kwa hiyo akapimwa gauni. Walipobaki wawili, akauliza: "Mama, dawa imekushinda wapi?"

"Ni hii rangi."

"Rangi itarudi polepole. Lakini vidole vikijikunja kabisa, vinaweza kukataa kunyooka. Kesho twende Kajiado, mimi na wewe."

Soipan alilia. "Nilidhani amekuja kunigombeza."

Alitibiwa uvimbe, akarudia dawa. Kila mwezi Phylis alipita kibandani, na majirani walidhani ni mteja tu.

"Hilo gauni nimelipunguza na kulipanua mpaka kitambaa kikachoka," Soipan anasema, akicheka.

Mwezi uliopita alimaliza dawa. Vidole vimenyooka.

"Nilikaa kwa jiwe nje ya hospitali. Phylis akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia, 'Nyamaza kidogo, nasikia raha.'"

Jumapili hii anakwenda Matasia kwa dada yake, Naisula, aliyejifungua miezi mitano iliyopita. Wauguzi walikuwa wamemhakikishia kwamba akiwa kwenye dawa hawezi kumwambukiza mtoto, lakini woga haukumwacha.

"Kila wakinipea mtoto nilisema niko na homa. Sasa nitambeba mpaka anikojolee."