Gambuti za Omoding

Siku hiyo tulikuwa tunakata viazi vitamu. Mama alikata, mimi nikakata, na vipande tukavianika juu ya mwamba mpana nyuma ya boma letu, upande wa Soroti, vikauke vingojee miezi ya njaa. Kila mtu alikuwa na kazi isipokuwa ndugu yangu mkubwa, Omoding. Yeye alikuwa anapiga akogo.

Akogo ni kijisanduku cha mbao chenye vyuma vyembamba juu yake. Unavibonyeza kwa vidole gumba, navyo vinaongea. Vya Omoding vilitengenezwa kwa spoki za baiskeli, na havikuongea tu, vilihubiri. Akipiga, kuku walitaga kabla ya siku zao. Baba yetu, mtu ambaye naamini hakucheka tangu azaliwe, alitikisa kichwa mpaka kofia ikaanguka. Mimi nilimwonea wivu ambao ungechemsha chungu cha maharagwe bila kuni.

"Na mimi nipige kidogo," nilimwambia mama.

"Wewe kata viazi. Vidole vyako ni vya jembe."

Wimbo alioupenda Omoding aliutunga mwenyewe. Ulihusu mbuzi aliyekataa kuvuka maji. Katikati palikuwa na mahali ambapo mbuzi anaruka, na kidole gumba cha kushoto lazima kiruke naye, kikitua kwenye chuma ambacho mtu hakitarajii. Nilijaribu kwa siri mara elfu. Kila mara mbuzi wangu alizama. Omoding, hata akiwa mbali kule kisimani, alikuwa anasikia na kupaza sauti, "Umemuua tena!"

Basi tulikuwa tunakata viazi. Kisha kuku wakanyamaza.

Watu walitoka kwenye mihogo. Walikuwa na bunduki.

"Nani alikuwa anapiga hiyo kitu?"

Vidole vya Omoding vilikuwa bado juu ya vyuma.

Mmoja wao akamtupia gambuti. Zilikuwa buti za mpira, nyeusi, zinang'aa.

"Vaa."

Nyumbani kwetu viatu vilikuwa vya baba peke yake, na vya Jumapili. Niliziona gambuti kabla sijaiona bunduki vizuri. Omoding tena. Kila kitu Omoding.

"Hata mimi najua kupiga!" nikasema.

Mama alinishika shati. Yule mtu alichukua akogo kwa ndugu yangu, akanipa.

"Piga tuone."

Nikapiga wimbo wa mbuzi. Nikafika pale pa kuruka.

Mbuzi akazama.

Walicheka. "Huyu ni wa viazi," alisema yule mtu. Wakaondoka na Omoding. Gambuti zilikuwa kubwa kumzidi, zikalia kwapu, kwapu, kwapu, mpaka mihogo ikameza sauti. Akogo walinisahaulia mkononi.

Baba aliwafuata. Alirudi jioni, peke yake, bila kofia.

Alama za gambuti zilikaa njiani mpaka mvua iliponyesha. Mama alikuwa anatembea pembeni mwa njia asizikanyage.

Mambo yalipozidi, mama alitufungia mizigo tukavuka Malaba, tukaenda Amukura kwa shangazi Amuge. Hakuna aliyetuuliza kitu mpakani. Mpaka wetu unakata nchi, haukati lugha. Shangazi aliniita pembeni, akasema, "Sikiliza, Etyang. Hapa hakuna mkimbizi. Wewe ni mtoto wangu. Mtu akikuuliza, sema Amukura."

Nikasema Amukura. Nilisema Amukura vizuri sana, mpaka Amukura yenyewe ikaniamini. Watoto walinicheka Kiteso changu cha ng'ambo kwa muda, kisha nikashika chao. Nilijifunza kuchomelea vyuma, na masomo ya ngumbaru nikamaliza nikiwa na ndevu. Siku ya cheti shangazi alipiga vigelegele hadi foleni ya malori ya Malaba ikasonga, jambo ambalo serikali mbili zimeshindwa. Lakini Omoding hatukupata habari zake. Hata habari mbaya hatukupata.

Mwaka huu Busia mjini kukawa na tamasha la sanaa za wakimbizi, na kazi ya jukwaa nikaipata mimi. Nilichomelea kila chuma. Kisha hema zikasimamishwa, hili la Wakongo, hili la Warundi, hili la watu wa Sudan Kusini, kila moja na jina lake kwenye kitambaa. Wageni wa heshima walipita wakiwauliza, "Poleni, mlitoka wapi? Mlimpoteza nani?" Mimi nilisimama na nyundo yangu. Hakuna aliyeniuliza nilimpoteza nani. Wivu ule wa zamani ukarudi na kuni zake.

Nilichukua akogo nyumbani, nikamfuata dada aliyekuwa anapanga ratiba.

"Nataka kupiga wimbo mmoja wa ndugu yangu. Alichukuliwa vitani."

"Fundi, wacha mchezo. Si wewe ni wa Amukura?"

"Nilikuja Amukura."

"Hata mimi nilikuja, nilikuja na pikipiki." Akacheka, lakini hakuwa mbaya. "Sawa, boss. Wakimaliza wenyewe, utaingia."

Wakongo walikuwa jukwaani. Mwanamke mmoja alikuwa anaimba, na sauti yake nzuri iliniudhi. Ghafla mama mzee akapiga kelele kutoka kwenye hema lao:

"Hapana, yaya! Umeruka mustari!"

Yaya kwao ni dada. Wakacheka wote, jukwaani na chini. Wakaanza upya, hema zima likimsaidia. Hapo ndipo wivu uliponizidi. Sikutaka tena hema lao, wala kitambaa, wala pole za wageni.

Emsii akaniita. "Na sasa mwenyeji wetu, fundi wa jukwaa!"

Nilishika maiki. "Huu wimbo si wangu. Ni wa Omoding, ndugu yangu. Walimchukua akiwa anapiga." Nikapiga. Mbuzi alifika majini, akakataa, akarudi nyuma. Nikafika pale pa kuruka.

Kidole kikatua pale pale pabaya pa siku zote.

Niliinua vidole, nikingoja mtu apaze sauti kwamba nimemuua tena. Kisha nikamalizia.

Watu walipiga makofi mpaka vyuma vyangu vikatetemeka. Mama mmoja alipiga vigelegele.

"Jamani!" akasema emsii. "Fundi hakukosea hata mahali pamoja!"

Niliteremka, nikakaa karibu na hema la Wakongo. Yule mama mzee na yule mwimbaji walikuwa bado wanabishana juu ya ule mstari, kila mmoja akiuimba kwa njia yake. Nilikaa hapo nikawasikiliza, nikiwaonea wivu, mpaka wakakubaliana.