Beseni la Akwele na Akuorkor

Mwezi mzima kabla ya sikukuu ya Homowo, ngoma haipigwi mjini Accra. Zamani, pale mtaa wa Bukom, Akwele na pacha wake Akuorkor walijifunika shuka gubigubi wakapiga ngoma kwa vidole mapajani, hadi mama yao awafinye. Siku marufuku ilipoondolewa, mtaa ulilipuka kwa kelele. Raha ile, Akwele husema, wajukuu wenye redio masikioni hawataijua, na mimi simbishii.

Ijumaa ya mapacha, mkesha wa karamu, ilikuwa yao hasa. Walivaa nyeupe, wakapakwa chokaa mashavuni, wakanawa kwenye beseni la majani ya dawa, mikono minne kwa pamoja. Kesho yake ililiwa kpokpoi, mahindi yenye mafuta ya mawese, mzee na mtoto sinia moja, na asiye na haya ndiye aliyeshiba. Akuorkor hakuwa na haya hata chembe. Alimpokonya babu yake samaki mkononi, na babu akacheka hadi akapaliwa.

Miaka kumi na minane iliyopita Akuorkor, aliyekuwa ameolewa Korle Gonno, alichelewa Ijumaa hiyo. Jua lilikuwa linazama, wazee wakahimiza, Akwele akanawa peke yake. Akuorkor alifika na gauni lake jeupe akakuta beseni tupu na ardhi imelowa.

"Umeninawia na mimi?" aliuliza. "Haya, uwe pacha peke yako."

Akaondoka, asikanyage tena Bukom.

Sasa, alfajiri baada ya karamu, watu wa mji huu huwalilia wafu wao, kisha hupita nyumba kwa nyumba kusalimiana na kufuta ugomvi. Mdogo ndiye humwendea mkubwa. Akwele alitangulia kuzaliwa kwa dakika chache tu, lakini dakika hizo alizivaa kama kilemba. Kila mwaka alibakiza majani ya Ijumaa, akaacha mlango wazi, akakaa kwenye kigoda akimsubiri mdogo wake. Kutoka Korle Gonno ni mwendo wa kuvuka daraja tu. Mtu mzima na akili zake!

Mwaka huu vilio vilipoanza, Akwele naye alilia. Binti yake Lamiokor akatega sikio, akashtuka.

"Mama, unamlilia nani? Mama mdogo hajafa. Juzi nimemwona sokoni, anamtukana muuza pilipili."

Jina la pacha wake lilikuwa limemtoka Akwele mdomoni pamoja na majina ya marehemu, na hakujua limepitaje. Ipo alfajiri ambayo atalililia jina hilo kwa haki, au Akuorkor atalililia lake.

"Nipe beseni," alisema.

"Mama, wewe ndiye mkubwa. Watu watasema."

"Wana midomo, waache waitumie."

Alivuka daraja na beseni kichwani, majani yakielea, goti bovu likimlaani kila hatua. Akuorkor alikuwa amekaa mlangoni kwake, kichwa cheupe kwa mvi, mkaidi vilevile. Akwele alitua beseni chini, akapiga magoti kama apigavyo mdogo.

"Shikamoo, dada."

Akuorkor aliyatazama magoti yale.

"Magoti hayo nani atayainua?"

"Wewe."

"Mimi? Mgongo wangu huu?" Alijikokota kutoka kwenye kiti, akapiga magoti naye upande wa pili wa beseni. "Umechelewa, Akwele."

"Nimechelewa. Ulininawia na mimi?"

Akuorkor alitumbukiza mikono majini, akaitafuta ya dada yake chini ya majani, akaishika.

"Sijanawa tangu mwaka ule," alisema.