Kitabu cha Uhunzi Nilichokitoa Moshini

Baba alikuwa mhunzi kijijini Ngana, na kitabu chake cha uhunzi alikiweka darini jikoni, juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu. Kilikuwa cha zamani, cha Kiingereza, chenye michoro ya koleo, fuawe na mivukuto. Alipewa na fundi wa misheni aliyemfundisha kazi. Kiingereza hakukijua, aliifuata michoro tu, na majembe yake yalilima.

Mama alipofariki, Baba alihamia kwangu. Mimi ni mwalimu, nataka kila kitu kiwe mahali pake. Nikakifuta kitabu masizi, nikakifunga kwenye nailoni na kukifungia sandukuni, nikajiona nimestaarabika. Mtu yeyote wa huku asiyejua hata kusoma angeniambia kwamba kwa mvua za Kyela, kinachotaka kudumu hukaa moshini. Masika mawili baadaye nilikuta uji mweusi wenye jalada. Niliutupa shimoni, nisimwambie mtu.

Mwaka jana Baba aliugua, na hospitali wakatuambia tumrudishe nyumbani. Tuliwaelewa. Siku ya pili akataka kitabu chake.

"Kilete nikishike kabla sijaondoka."

Nikamwambia nimekiacha shuleni. Nilisema hivyo bila hata kumeza mate.

Nikaanza kutafuta kingine. Wauza vitabu vya mitumba pale mjini walikuwa na mitihani iliyopita na vitabu vya maombi. Mmoja akaniuliza kwa nini nisinunue jembe dukani. Stoo ya misheni nilifunguliwa makabati matatu: tenzi, barua zilizoliwa na mchwa, kinyesi cha popo. Mtunza stoo akasema vitabu vya ufundi viliondoka na mafundi wenyewe, kwa hiyo nitafute wastaafu, nisitafute rafu. Katika wiki nzima hilo ndilo neno pekee lenye akili nililolisikia.

Nikaenda Busale, kwa mwalimu mstaafu wa ufundi. Kitabu kilekile, jalada lilelile, kilikuwa chini ya mguu wa cherehani ya mkewe. Mzee akakichomoa, akaweka kipande cha tofali mahali pake, akanipa. Nilitegemea kufurahi. Sikufurahi. Nilipanda bodaboda nikiwaza madaftari ambayo sijasahihisha.

Baba alikipokea kwa mikono miwili.

"Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana."

Hakutafuta koleo wala fuawe. Alipapasa mpaka ukurasa wa mwisho, ule usiochapwa kitu, akausogeza karibu na uso. Macho yake yalikuwa yameshaacha kuona maandishi.

"Nisomee majina yao," akasema.

"Ya nani, Baba?"

"Wale wawili waliokutangulia. Niliyaandika hapa walipozaliwa. Mama yako ndiye aliyekuwa akiyakumbuka, mimi yamenitoka. Sasa nikifika huko nitawaitaje?"

Nilijua tu kwamba walikufa wachanga. Majina yao hakuna aliyewahi kunitajia, na hapakuwa na mtu mwingine aliye hai wa kumuuliza. Ukurasa ulikuwa mtupu. Baba alikuwa ametega sikio, anangoja.

Nikamsomea majina ya wanafunzi wangu wawili wanaokaa dawati la mbele.

Akayarudia, moja baada ya jingine, mpaka yakamkaa.