Mkono Mmoja wa Chokaa

Saa kumi na mbili asubuhi, Eleuterio Barragán anakoroga chokaa kwenye ndoo, mbele ya ukuta wa kiwanda kilichofungwa hapa Nezahualcóyotl, pembezoni mwa Jiji la Mexico. Anakoroga, anaacha, anawasha sigara, anaizima, anakoroga tena. Saa moja inafika na brashi bado kavu.

Ukuta umeandikwa kwa rangi za kung'aa, waridi na kijani. Jumapili 18 Mei, saa kumi jioni, Lodo Seco wanarudi. Jumapili hiyo ilikuwa juzi, na hakuna aliyerudi.

"Ukuta una wenyewe huu," anasema. "Kuna wapiga muziki wa kumbia wana dansi lao mwisho wa mwezi. Wameshaulipia, sina ujanja. Lakini mkono wenyewe unagoma, bwana."

Barragán, mwenye miaka 64, ambaye mtaa mzima unamwita Tello, ni mchoraji wa matangazo ya muziki ukutani. Hulipwa peso mia tisa kwa ukuta, chokaa na rangi juu yake mwenyewe. Wiki nyingine hupata kuta mbili, nyingine hapati hata mmoja.

Ndiye pia mpiga ngoma wa Lodo Seco, yaani tope kavu, jina ambalo kwetu halihitaji maelezo. Nusu ya mwaka tunakula vumbi, nusu nyingine tunakanyaga tope.

Walianza watatu mwaka 1979. Tello alipiga makopo ya rangi hadi alipopata ngoma za kweli, Fidencio Tapia akashika besi, na Nicandro Olvera akawa na gitaa na sauti. Siku hizo roki ilihesabiwa uhuni. Walipiga kwenye nyua na maghala, polisi wakija wanakata umeme, kisha wanakata na nywele.

"Nimenyolewa mara tatu bila kumlipa kinyozi," Tello anasema, na hapo anacheka kidogo.

Kufikia mwaka 1986 walikuwa na kaseti yenye nyimbo nane, ikiuzwa gulioni kila Jumamosi. Watu walijaa kuanzia hapa hadi Puebla. Na sauti ya Nicandro, we acha tu. Wanawake waliokuwa wakiilaani roki walikuwa wanafungua madirisha akianza kuimba.

Kisha likaja kosa, na kosa lilikuwa la Tello peke yake.

Mwaka 1990 walialikwa kufungua onyesho la bendi kubwa ya katikati ya jiji. Watu wa kampuni ya santuri wangekuwapo kuwasikiliza. Tello akapewa kazi ya kuchora kuta kumi na mbili. Kila anayeishi hapa anajua sheria ya ukuta: mwenye onyesho anakaa juu, kwa herufi kubwa, na wanaomfungulia wanakaa chini, kwa herufi za ukubwa wa kiganja. Tello akaiandika Lodo Seco juu kabisa, kila herufi kubwa kama mlango.

"Nilijiambia, huku ni kwetu, nani atatufanya nini? Kiburi, ndugu yangu. Kiburi na brashi mkononi."

Mwandaaji akapita na gari lake, akaona. Siku ya pili Lodo Seco walikuwa wamefutwa, kwenye kuta na kwenye onyesho. Neno likawafikia waandaaji wengine, na hakuna aliyewaita tena. Nicandro hakugombana, hakutukana. Aliacha tu kuzungumza na Tello, na bendi ikafia hapo.

Nicandro akapata kazi kwenye gari la gesi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alipita mitaani akiita "gaaas" kwa sauti ile ile, na majirani wakitania kwamba mtungi wa kwao unakuja na wimbo. Mke wa Tello ndiye aliyetoka kununua. Tello alibaki nyuma ya pazia.

"Saa tatu kila asubuhi nilikuwa namsikia," anasimulia. "Vidole vyangu vinaanza kumfuata pale mezani. Mke wangu ananiambia acha, unamwaga supu."

Mwaka 2022 Nicandro alipatikana na saratani ya koo. Walimwokoa, lakini sauti ikaondoka. Gari la gesi likaanza kupita na sauti ya mtu mwingine iliyorekodiwa. Tello anasema siku hiyo ndipo alipolia, miaka yote ile hakuwa amelia.

Hata hivyo ilimchukua hadi Februari mwaka huu kupata ujasiri. Alikwenda na mkate mtamu kwenye mfuko. Mke wa Nicandro, Bi Refugio, akamfungulia mlango, akamtazama juu hadi chini.

"Shemeji," akamwambia, "miaka thelathini na tano kutembea mitaa minne?"

Tello akaomba msamaha, na akaomba wapige mara moja ya mwisho. Fidencio angeimba, Nicandro angeshika gitaa. Nicandro, aliyekuwa akizungumza kwa daftari, akaandika: "Chora kwanza. Nije nione jina umeliweka wapi."

Basi Tello akachora ukuta huu. Bendi nne za vijana ambazo zingepiga nao akaziweka juu, Lodo Seco akaiweka chini kabisa, karibu na majani. Nicandro akaja ameshikwa mkono na mkewe. Akasimama muda mrefu, kisha akaandika: "Mbona umetuzika? Bado hatujafa." Akaonyesha katikati ya ukuta.

Tello akafuta, akapanda ngazi, akaandika upya pale alipoonyeshwa.

"Alinishikia ngazi," anasema. "Mgonjwa vile, lakini alinishikia mpaka nikamaliza." Kisha anageuka, anakoroga chokaa tena.

Nicandro Olvera alifariki tarehe 10 Mei, Siku ya Mama, zikiwa zimebaki siku nane wapige. Kila nyumba ilikuwa inaimbia mama yake. Kwa Bi Refugio watu walikunywa kahawa kimya.

Saa mbili kasorobo, Tello anachovya brashi. Anaanza na bendi za vijana, kisha tarehe. Anarudia mkono wa pili, yaani anapaka tena juu yake, kama ada ya kazi, kwani chokaa ya mkono mmoja hutoka kwa mvua ya kwanza. Mwisho anafika katikati. Jina analipaka mara moja, taratibu, herufi kwa herufi, kisha anaanza kuosha brashi.

Tarehe 2 Novemba, Siku ya Wafu, marehemu watakaporudi kula na jamaa zao, yeye na Fidencio watapeleka ngoma na besi makaburini. Bi Refugio ameshakubali kuleta gitaa na kiti cha kuliweka.

Mwandishi wa habari hii anamwuliza kuhusu mkono wa pili wa chokaa pale kwenye jina. Tello anatazama mawingu.

"Ukipita kwa shemeji," anasema, "mwambie mvua ya kwanza ikinyesha, aje atazame."