Mikono ya Chemchemi

Ilikuwa mwaka ule wa mafuriko. La, nasema uongo, ni mwaka uliofuata, maana machinjio yalikuwa yameshapigwa chokaa upya na alama ya maji ukutani haionekani tena. Mnisamehe, kichwa changu siku hizi kinavuja.

Mimi nilikuwa mwosha sakafu pale, na mpira wangu wa maji na fagio la waya. Yeye alikuwa mchunaji wa ngozi, na tulimwita Chemchemi. Mtu wa miraba minne, mpole, baba wa watoto watatu, lakini viganja vyake havikujua kukauka. Si jasho la kazi. Hata asubuhi ya baridi, amekaa tu, maji yalimchuruzika mpaka ncha za vidole. Mpini wa kisu chake aliuzungushia kamba ya katani, na bado ulimponyoka. Siku moja kisu kiliteleza kikazama pajani mwake mwenyewe. Akakichomoa, akafunga kitambaa, akamalizia ng'ombe wake.

Watu hawakumpa mkono, walimpa kiwiko huku wanacheka. "Shemeji, leo umetega ndoo ngapi?" Na yeye alicheka. Aliwahi kuniambia kwamba duniani anataka kitu kimoja tu: ampe mtu mkono, na mtu yule asifute wake kwenye suruali.

Sasa, tulikuwa na desturi yetu ya kijinga pale. Kitu kikipotea, mnyapara alitupanga mstari akatushika mikono mmoja mmoja. Aliyelowa kiganja ndiye mwizi. Huyo alipigwa na wenzake wote, kila mtu mara tatu, kwa kipande cha mpira mzito. Kipande chenyewe nilikikata mimi, kutoka kwenye mpira wangu uliopasuka mwishoni. Niliagizwa, nikakata. Mnyapara wa zamani alikuwa akifika kwa Chemchemi anamruka, kwa kuwa alimjua. Akastaafu, akaja mwingine.

Vikapotea visu vinne vipya. Mnyapara mpya akaushika mkono wa Chemchemi, kisha akautazama mkono wake mwenyewe ulivyolowa.

"Huyu hapa!"

"Mzee, mimi ndivyo nilivyo, waulize hawa..."

Ngumi ilimkatisha. Viboko vilianza mgongoni vikaishia popote. Mbavu mbili zilivunjika, nilizisikia, kama kuni kavu. Jino likaruka likaenda na mtaro wa damu. Mchinjaji mmoja akamkanyaga kiganja kwa buti, akapaza sauti, "Kamueni, jamani, bado yamo!" Wakacheka. Hakuna aliyesema kwamba mtu huyu ni hivi tangu tumjue. Mimi niliendelea kuosha.

Siku ya tatu visu vilionekana chini ya wavu wa mtaro, vimeanguka vyenyewe. Niliviona mimi. Mnyapara akasema, "Basi siku nyingine akaushe mikono."

Daktari aliyemshona mdomo alikuwa mama mmoja wa miwani. Alishangaa kuona trei ya chuma inakusanya maji chini ya vidole vya mgonjwa.

"Hii ilianza lini, baba?"

"Tangu shule, daktari. Daftari zilikuwa zinatoboka. Mwalimu ananichapa, nazidi kutoka jasho, naye anazidi kuchapa."

"Ni ugonjwa huu. Tezi za jasho zinafanya kazi kupita kiasi. Hofu inauongeza, lakini si hofu iliyouleta. Na unatibika."

Mbavu zilipovunjika hakulia. Hapo alilia.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya maji, ya kupaka wakati wa kulala kwenye ngozi iliyokauka kabisa. Ya kwake itakauka lini? Akapaka hivyo hivyo, ikamuunguza mpaka viganja vikawa vyekundu kama nyama niliyoizoea. Daktari akaja na njia nyingine: mabeseni mawili ya maji, kila mkono ndani ya lake, na mashine inayopitisha umeme mdogo sana. Dakika ishirini, mara tatu kwa wiki. Mkewe nusura avunje mlango.

"Mnamchemsha mume wangu kama nguo?"

"Hachemki, mama. Anatekenywa tu."

Wiki ya nne mikono ilikauka. Akaambiwa arudi mara moja kila wiki, isije ikaanza upya. Alirudi kazini anampa mkono kila mtu, mimi alinipa mara mbili. Wakati wa chakula alitusimulia yote, mnyapara akiwepo: jasho si hatia, ni tezi, daktari ndivyo alivyosema. Tukaitikia kwa vichwa, midomo imejaa.

Haukupita mwezi, mota ya mashine ya kunolea visu ikapotea. Mstari. Mnyapara akaushika mkono wa Chemchemi, akauinua juu tuuone.

"Mkavu kama karatasi! Umetakasika, bwana."

Akaenda akafika kwa mtia chumvi wa ngozi, mtu mzima, aliyekuja kazini na homa. Mkono chapachapa.

"Ni homa, jamani. Ndugu zangu, nishikeni paji la uso."

Mnyapara akampa Chemchemi ule mpira. "Leo anza wewe."

Nilimtazama. Nilingoja aseme. Alitazama kiganja chake, akakaza ngumi, akapiga. Mpira haukumponyoka hata mara moja. Tatu zikapita, sita zikapita, sikio la mtu yule likachanika, taya likahama mahali pake, na bado anapiga, hata wale wenye buti wakaogopa wakamvuta kiunoni. Damu ilimfikia mpaka viwikoni. Kisha nikafungua maji.

Mota ilirudi baada ya siku tano, tajiri mwenye machinjio ndiye aliyeipeleka kwa fundi. Mtia chumvi hakusikia tena kwa sikio lile.

Nilimwuliza Chemchemi, akatazama pembeni. Nilimwuliza mnyapara, akaniambia nikaoshe. Nikaenda mpaka kwa yule mama wa miwani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Niliwauliza hivi tu: sisi sote tulikuwa tumeshaambiwa, je, nani kati yetu alitakiwa aseme kwanza?