Sifuri ya Mwisho

Mwalimu wa kemia pale shule ya Nyamache hasomi kipimo akiwa wima. Hupiga magoti mpaka jicho lilingane na maji kwenye chombo, kisha hutamka polepole: "Ishirini na tano nukta sifuri." Ukiandika ishirini na tano tupu, anakata alama. "Hiyo sifuri ndiyo inaonyesha uliangalia," husema, vumbi la chaki limemjaa kwenye nyusi. Phanice alisoma kwake miaka minne, na sifuri hiyo ilimponyoka kila mtihani.

Juzi mtoto wa Phanice alishikwa na homa, naye akaenda kwa mwalimu, jirani yake, na chupa ya dawa na kijiko. Mwalimu alikijaza kijiko maji, akayavuta kwa bomba la sindano, akapiga magoti. "Kijiko chako kinabeba saba nukta mbili, mama. Hapa wameandika mililita tano." Akaipima dawa mwenyewe, mkono umetulia tuli.

Kesho yake asubuhi mwalimu alikuwa mlangoni kwa Phanice kabla ya chai, kofia mkononi. Phanice akasoma kipimajoto cha mtoto. "Thelathini na saba."

Mwalimu alibaki wima mlangoni.

Phanice akakisogeza hadi usawa wa jicho, akaangalia tena. "Nukta sifuri, mwalimu."

Ndipo mwalimu alipoketi.