Wavu Uliobaki Chini ya Bahari

Siku yangu ya kwanza kwenye meli ya kuchunguza viumbe wa baharini nilitapika mbele ya Mkuu wa Utafiti. Nilikuwa binti wa Old Korogwe, mjukuu wa wakata mkonge, nimetoka chuoni na shahada ya elimu ya viumbe, na maji mengi niliyowahi kuyaona yalikuwa ya Mto Pangani ukifurika. Mkuu hakucheka. Alinipa ndoo, akasema, "Ukimaliza, njoo kwenye chekeche. Tope limeshapanda."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu miezi yote ya safari ile ya kusini. Wavu wa kukokota ulishushwa kwa waya wa chuma hadi sakafu ya bahari, kisha ukavutwa na winchi, mashine ya kukunja waya. Tope lililopanda nililiosha kwenye chekeche, nikachambua viumbe na kuwatia kwenye spiriti wasioze. Niliona konokono weupe wasio na macho, na viumbe vya umbo la nyota vyenye mikono myembamba kama uzi. Niliamini nitazeekea baharini.

Aliyenifundisha kusimama meli ikiyumba ni serangi, msimamizi wa mabaharia, mzee wa Tanga. Aliniita mwanangu, nami nilimwamkia shikamoo kila asubuhi.

"Usishindane na meli," aliniambia. "Legeza magoti, ikubebe."

Asubuhi moja wavu ulinasa kwenye mwamba. Waya ukakazika mpaka ukaanza kulia. Serangi akainua mkono. "Mkuu, tuukate waya. Wavu huu hautoki."

"Hapa hajawahi kufika mtafiti yeyote," Mkuu akajibu. "Vuta kidogo tu."

"Hicho kidogo ndicho kinachoua, Mkuu."

"Vuta."

Serangi alitufukuza wote nyuma ya winchi, akabaki mwenyewe kwenye breki. Waya ulikatika, ukarudi kama kiboko, ukampiga mguu chini ya goti. Sijawahi kusikia mtu mzima akimwita mama yake namna ile. Nilimshika kichwa wakati daktari wa meli akimfunga jeraha. Mkuu alisimama palepale, kofia mkononi, akirudia, "Nilisema kidogo."

Nahodha aligeuza meli siku hiyohiyo. Mguu ulikatwa tulipofika bandarini, na utafiti ukafungwa. Mimi nilipangiwa Handeni, kutega mbung'o, inzi wanaoambukiza ng'ombe maradhi, huko Kang'ata na Kwaluguru, chini ya Bwana Mifugo mmoja mpole. "Hapa, binti," aliniambia, "bahari yetu ni pori." Nikabaki huko hadi kustaafu. Wafugaji walinufaika, nami nashukuru, lakini sikupanda tena meli.

Mwaka mmoja nilikwenda Tanga kumtembelea serangi. Tulikunywa chai kibarazani, mguu mmoja wa suruali yake umefungwa fundo. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wewe ndiye msomi. Mle kwenye wavu mlikuwa na nini?"

Ningeweza kumtungia kiumbe cha ajabu, akafurahi. Nikasema, "Sijui, baba. Ulibaki chini."

"Hata konokono?"

"Hata konokono hatukumwona."

Akaitikia kwa kichwa, akaniongezea chai. Alifariki kabla sijarudi tena.

Wajukuu huniuliza majina ya viumbe wa vilindini, nami nawatajia, bado nayakumbuka mengi. Wanadhani nimeijua bahari. Mtu mmoja tu ndiye aliyeniuliza jambo alilostahili kujibiwa, nami nilimwambia sijui.